Niliishika simu ya mtuhumiwa, kesi ikafa. Sasa naitwa kitengo cha mtandao

MUULIZE MPELELEZI MSTAAFU

Shikamoo Afande,

Mimi ni koplo, askari mpelelezi katika mkoa mmoja wa Kanda ya Ziwa. Huu ni mwaka wangu wa tisa kazini. Nina miaka 33, nina mume na binti wa miaka sita. Nimepeleleza wizi wa mifugo, uvunjaji wa nyumba, ubakaji na mauaji mawili. Nakuandikia kwa sababu nina fomu inayotakiwa kurudi Ijumaa ya wiki ijayo, na tangu niipokee usingizi umenipaa.

Wanataka kunihamishia kitengo cha makosa ya mtandao, upande wa kuchunguza simu na kompyuta. Mkuu wangu anasema jina langu limependekezwa kwa kuwa nina subira. Hajui, au amesahau, kilichotokea mwaka jana.

Mwaka jana mama mmoja muuza dagaa laini yake ilikata mtandao ghafla mchana. Akadhani ni hitilafu. Jioni alipokwenda kwa wakala akakuta namba yake imeshahamishiwa kwenye laini nyingine, na milioni nne na laki mbili zimeondoka. Zilikuwa fedha za kikoba, yeye ndiye mweka hazina wa akina mama 28. Tulihangaika wiki tatu mpaka tukamkamata kijana mmoja, saa saba na dakika kumi mchana, simu iko mkononi na haijafungwa. Nilifurahi mno. Nikaichukua, nikaanza kupekua palepale kwenye gari. Nilifungua WhatsApp, nikasoma mazungumzo, nikayapiga picha kwa simu yangu mwenyewe. Tulipofika kituoni nikapiga namba mbili kwa simu ileile ili nijue ni za nani. Kisha nikaiweka kwenye droo yangu, ikiwa inawaka. Asubuhi nilipoitoa, ilikuwa kama imetoka dukani siku hiyo. Kwenye kioo kulikuwa na maneno: "Karibu, chagua lugha."

Mahakamani wakili wa utetezi alikuja na rekodi za kampuni ya simu. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Afande, simu hii ilipiga namba mbili saa nane na dakika thelathini na saba. Wakati huo mteja wangu alikuwa mahabusu. Nani alikuwa anaitumia?" Nikajibu ni mimi. "Na usiku, kila kilichokuwemo kilipofutika, nani alikuwa nayo?" Sikuwa na jibu. Kijana akaachiwa huru. Yule mama hakunitukana. Aliniangalia tu, akafunga kanga yake akaondoka.

Sasa nauliza. Mtu aliyeua kesi kwa kidole chake anastahili kazi hii? Nilisoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), kompyuta naijua ya kuandikia taarifa tu. Mume wangu anasema nakwenda kufichwa chumbani, wenzangu wa doria na mauaji watapanda vyeo mimi nikiwa nimekaa na mashine. Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Nasikia kitengoni kuna kesi za picha za watoto. Nina binti wa miaka sita. Naogopa.

Koplo wa Kanda ya Ziwa


Marahaba, binti yangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama kwenye "Karibu, chagua lugha." Ninaijua baridi inayompanda mtu mgongoni anapoona maneno hayo. Mimi mwaka 2009 niliiwasha kompyuta ya mhasibu aliyetuhumiwa kughushi, nikitaka tu "kuona kama inafanya kazi". Windows ikaamka, na kabla sijagusa kipanya ilikuwa imeshafungua mafaili yake kwa mamia na kuyapa tarehe ya siku ile, siku mbili baada ya mhasibu kukamatwa. Nilitoka kizimbani nimelowa jasho. Nikabaki kwenye kazi hiyo miaka mingine kumi na mbili.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: jaza fomu, nenda. Ila uende ukiwa umeelewa nini hasa kilikufika, maana hukukosea kwa kutojua kompyuta. Uliigusa simu ile kama mtu anayetafuta habari, na yenyewe ilikuwa kielelezo. Panga lenye damu usingelichukua ukakatia nyama ili uone kama ni kali. Simu inatudanganya kwa kuwa tunayo mkononi kutwa, tunaizoea.

Ukikuta simu ya mtuhumiwa imewaka na iko wazi, usiizime. Watu wengi wanadhani kuizima ndiyo usalama. Simu za siku hizi zimefumbwa kwa funguo za siri, na ikishazimwa funguo hizo hujifungia mpaka mwenyewe aandike namba yake ya siri. Ukiizima unaweza kuwa umefunga mlango uliokuwa wazi. Iweke hali ya ndege, hakikisha Wi-Fi na Bluetooth vimezima, iunganishe na pawabenki isife chaji, kisha itie kwenye mfuko unaozuia mawimbi. Kama mfuko huna, na wilaya nyingi hazina, nunua foili ya kufungia chakula, uijaribu kwanza kwa simu yako mwenyewe: izungushe tabaka kadhaa, halafu ipigie kwa simu nyingine uone kama inaita. Ikiita, ongeza foili, kisha ya mtuhumiwa uifunge kwa tabaka hizohizo. Ukimaliza, andika: saa ngapi uliishika, ilikuwa katika hali gani, uligusa nini, nani alishuhudia. Hata ile hali ya ndege uliyoiwasha, iandike. Simu ile ya kwenye droo ilifutwa usiku kwa sababu ilikuwa bado inaongea na dunia, na aliyejua nywila ya akaunti ya mwenyewe aliweza kuipa amri ya kujisafisha akiwa kitandani kwake.

Utaona hapo hakuna hesabu ngumu. Ni mikono mitulivu na kalamu. Mkuu wako aliposema una subira, hakukosea.

Kitengoni watakufundisha kitu kimoja ambacho ningependa ukionje kabla ya Ijumaa. Fungua kompyuta yoyote ya Windows, andika sentensi moja kwenye Notepad, ihifadhi. Kisha fungua dirisha la amri uandike certutil -hashfile, jina la faili, na SHA256. Utapewa mstari wa tarakimu na herufi 64. Hiyo ndiyo heshi, alama ya dole gumba ya faili lako. Rudi kwenye sentensi, ondoa nukta ya mwisho tu, hifadhi, rudia amri. Mstari wote utabadilika kama kwamba hujawahi kuliona faili lile. Hata faili tupu lisilo na herufi moja lina alama yake: huanza na e3b0c442 na huishia na b855, ukiipima Musoma au Tokyo. Ndiyo maana mchunguzi hafanyi kazi kwenye diski ya mtuhumiwa. Anaiunganisha kupitia kifaa kinachoruhusu kusoma na kukataza kuandika, anatoa nakala pacha, anapima alama ya diski na ya nakala. Zikilingana, kielelezo kinafungwa kwa lakiri, kazi inaendelea kwenye nakala. Siku wakili atakapouliza kama ulichezea, unajibu kwa tarakimu 64.

Sasa hilo la HKL, ambalo umeliandika kama mtu anayeungama dhambi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu. Programu zote utakazotumia ni za Kiingereza, ripoti zinazotoka humo ni za Kiingereza kigumu, na mbele yako atakuwa hakimu anayetaka kuelewa kwa lugha yake ni vipi faili lililofutwa limerudi. Nimewaona vijana wenye shahada nzuri wakibabaika hapo kwa dakika arobaini. Mimi nilikuwa nikisema hivi: Mheshimiwa, mgeni amelala gesti chumba namba saba. Mhudumu amelikata jina lake kwenye daftari. Ukisoma daftari, chumba ni kitupu. Ukifungua mlango, mgeni yumo bado, mpaka aletwe mwingine apewe chumba kile. Hakimu mmoja aliweka kalamu chini akaniambia, "Endelea, sasa nakuelewa." Utalazimika kuongeza kwamba diski za kisasa zisizozunguka husafisha vyumba zenyewe haraka, usije ukaahidi usichokipata. Lakini kipaji cha kueleza, ulichokipata kwenye fasihi na insha zako, hakinunuliwi kozini.

Na miaka tisa ya mtaani usiitupe. Hapa naomba nikusimulie kisa kimoja cha mbali. Mji wa Wichita, jimbo la Kansas, Marekani, kulikuwa na muuaji aliyejiita BTK. Aliua watu 10 kati ya 1974 na 1991, akawa anawaandikia polisi na vyombo vya habari barua za kujisifu. Mwaka 2005 aliwauliza polisi kama akituma maandishi yake kwenye diski ya flopi wanaweza kumfuatilia. Wakamjibu kwa tangazo gazetini kwamba itakuwa salama. Februari akaituma kwa kituo kimoja cha televisheni. Mpelelezi Randy Stone wa kitengo cha kompyuta akaikagua, akakuta mabaki ya waraka uliofutwa, na ndani yake taarifa ambazo mwandishi haandiki, programu huziweka yenyewe: jina Dennis, na kompyuta ya Christ Lutheran Church. Kwa kutafuta kidogo tu wakapata kwamba mwenyekiti wa baraza la kanisa hilo ni Dennis Rader. Miaka thelathini ya msako, jibu likaja kwa dakika.

Wasimuliaji wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Flopi ilitoa jina na kanisa. Haikusema nani aliua. Wapelelezi walipita kwa gari mbele ya nyumba yake, wakaona Jeep nyeusi inayofanana na ile waliyokuwa wameiona kwenye picha za kamera. Wakapata amri ya mahakama kuchukua sampuli ya kitabibu ya binti yake, wakalinganisha vinasaba na vya kwenye matukio ya zamani. Ndipo wakamkamata, tarehe 25 Februari.

Kwetu ni vilevile, tena kila siku. Nilifuatilia wizi mmoja wa "ile hela tuma kwa namba hii". Usajili wa laini ukanipeleka kwa mlinzi wa usiku, mzee wa miaka sitini na kitu, hana hata simu janja. Mezani kesi ilikuwa imekwisha: laini yake, kitambulisho chake cha NIDA, alama yake ya kidole. Nikaenda kwake, nikamkuta anachemsha chai kwenye kopo la rangi. Nikamuuliza laini alisajilia wapi. Akasema kwa kijana wa mwamvuli, na kidole kilikataa mara ya kwanza, akaambiwa aweke tena. Mara ya kwanza haikukataa, binti yangu. Ilisajili laini ya mtu mwingine. Mashine inakupa kifaa na namba. Aliyekishika unamtafuta kwa miguu na kwa maswali. Wewe maswali unayajua tayari. Mtoto aliyetoka chuoni itamchukua miaka.

Sheria nayo jifunze mapema, wala usisubiri kozi. Soma Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo, hasa sehemu ya upekuzi na ukamataji. Lakini kitakachokuokoa kizimbani ni kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka huohuo. Hicho ndicho kinachosema mahakama ipime ushahidi wa kielektroniki kwa kutazama taarifa ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa au kutumwa, uadilifu wake ulivyolindwa, na aliyeianzisha alivyotambuliwa. Kikalinganishe na droo yako. Kisha soma uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika shauri la Paul Maduka na wenzake wanne dhidi ya Jamhuri, unaoeleza mnyororo wa utunzaji wa vielelezo, na PGO (mwongozo wa kazi wa Jeshi la Polisi) namba 229 ambayo wengi tuliisoma depo tukaiacha huko. Kila mkono uliopokea, kila saa, kila saini.

Mumeo hana ubaya. Anahofia jambo la kweli. Nimewaona askari waliosomeshwa uchunguzi wa simu miezi mingi, halafu uhamisho ukawatupa barabarani kuongoza magari, ujuzi ukaoza. Na wengine wakishaiva, mabenki na kampuni za simu huwachukua kwa mshahara ambao jeshi haliwezi kuufikia. Kwa hiyo kabla ya kusaini, omba uonane na mkuu wa kitengo umuulize kwa adabu mambo mawili: nitafundishwa lini na wapi, na je, nitabaki hapa muda gani kabla ya kuhamishwa. Akikosa jibu la swali la kwanza, fomu hiyo inaweza kusubiri. Ila la kusema utafichwa chumbani, mwambie mumeo kwamba wizi wa fedha umehamia kwenye simu, na mauaji yenyewe sasa hayapelelezwi bila simu. Mwaka 2024 Interpol ilipoendesha operesheni Serengeti katika nchi 19 za Afrika, Tanzania ikiwemo, watu 1,006 walikamatwa kwa miezi miwili. Watu hao walifikiwa kwa kazi ya chumbani anayoidharau.

Wakati unasubiri, jifunze kwa gharama ya bando tu. Autopsy na FTK Imager ni programu za bure. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, imeweka hadharani nakala za diski za kufanyia mazoezi. Anza na ile ya kompyuta ndogo ya Dell iliyookotwa mwaka 2004 ikiwa na antena ya kujitengenezea. Ina maswali ya kujibu kama kesi halisi, na swali la kwanza kabisa ni heshi: je, zinalingana? Ukishaona kazi imekuingia damuni ndipo ufikirie shahada. UDOM wana shahada ya usalama wa mtandao na uchunguzi wa kidijitali.

Nimeliacha la picha za watoto mwisho kwa kuwa ndilo zito kwangu pia.

Ni kweli, kesi hizo zipo, na hakuna mafunzo yanayomfanya mtu asiumie. Nilichunguza diski moja yenye video, na kwa miezi kadhaa baada ya hapo nilikuwa nikisikia sauti ya mtoto mmoja nikiwa naoga, nikiwa kwenye daladala. Sikumwambia mke wangu. Alidhani nina mwanamke nje, na hilo lilikuwa jepesi kwake kuliko ukweli ulivyokuwa kwangu. Usinifuate katika hilo.

Kuna njia za kupunguza sumu. Zima sauti; sauti hubaki kichwani kuliko picha. Tazama kwa vipicha vidogo, vya rangi nyeusi na nyeupe. Pitisha kwanza diski kwenye orodha za heshi za picha zinazojulikana tayari, ili mashine itambue yenyewe na jicho lako libaki kwa zile mpya tu. Interpol wana hifadhidata ya kimataifa ya kazi hii, ambayo kwayo watoto wengi wametambuliwa na kuokolewa kutokana na vitu vidogo vya nyuma ya picha: soketi ya ukutani, sare ya shule, chapa ya chupa ya maji. Usifanye kazi hiyo jioni ukaenda moja kwa moja kumwogesha binti yako. Ifanye asubuhi, umalizie siku kwa miamala ya fedha. Na mtafute mtu mmoja, mshauri, kiongozi wa dini, mwenzako wa kitengo, ambaye unaweza kumwambia "leo imekuwa mbaya" bila kueleza zaidi. Mumeo mwambie kabla hujaanza kwamba kuna siku utarudi kimya. Asije akabuni sababu.

Na kama baada ya kujaribu utaona huwezi, sema. Unaweza kubaki kwenye wizi wa fedha na utapeli maisha yako yote ya kazi na bado ukawa mchunguzi mzuri.

Nimebakiza yule mama. Umeuliza kama unastahili, na nadhani yeye ndiye uliyekuwa ukimuuliza, si mimi. Nenda sokoni kwake, bila sare. Mwambie kosa lilikuwa lako na lilikuwa lipi, kwa Kiswahili cha kawaida, kama utakavyomweleza hakimu siku moja. Halafu muulize vipi wale wanakikoba 28. Inawezekana wanamdai hadi leo, na inawezekana wanahitaji barua ya polisi inayosema wazi kwamba ameibiwa, hajala fedha zao. Barua hiyo unaweza kumsaidia kuiomba kituoni wiki hii, kabla hata fomu yako haijarudi.

Ukipita dukani, nunua foili. Iweke kwenye ile droo.